Nyasi za Muthaiga, majani ya Masisi: kinachovuka uzio ndicho kinachoamua

UCHAMBUZI

Jumapili tarehe 23 Februari 2025, Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini aliinua kombe la Kenya Open katika uwanja wa gofu wa Muthaiga, Nairobi. Zawadi za mashindano hayo kwa jumla zilikuwa dola milioni 2.5 za Marekani. Wiki hizohizo, barabara ya Goma kwenda Sake ilikuwa na watu wenye magodoro kichwani. Kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma zilikuwa zimevunjwa baada ya AFC/M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari, na familia nyingi za Masisi zilikuwa njiani kurudi kwenye milima zilizokuwa zimeikimbia.

Kwa haraka, habari hizi mbili hazina undugu. Moja ni ya michezo ya matajiri, nyingine ni ya wanyonge wa vita. Lakini zote mbili zina swali moja ndani yake: nani ana haki ya kusimama juu ya majani haya, na kwa karatasi gani? Nairobi imelijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 100, vibaya kwanza, kisha vizuri kidogo, na bado haijamaliza. Masisi na Walikale hatuna uwanja wa gofu. Tuna feremu, tuna migodi, tuna misitu. Historia ya klabu moja ya gofu inaweza kutusaidia kuona jambo ambalo huku kwetu tunalizungumza kwa hasira tu.

Klabu ya walowezi

Gofu iliingia Nairobi pamoja na reli na walowezi wa Kiingereza. Klabu ya kwanza ya mji huo ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1935 mfalme George wa Tano akaipa heshima ya kuitwa Royal. Muthaiga ilifuata. Jumba la Muthaiga Country Club lilifunguliwa usiku wa kuamkia mwaka 1914, na uwanja wa gofu ulio jirani ni wa enzi hiyohiyo. Leo uwanja huo ni klabu yenye uongozi wake, tofauti na lile jumba.

Wakati huo Muthaiga haikuwa mahali pa michezo tu. Wenye mashamba makubwa ya Bonde la Ufa, akina Lord Delamere, walipokuja Nairobi kuibana serikali ya koloni juu ya ardhi na kodi, walikula na kulala huko. Mambo mengi yaliyotangazwa baadaye kama sheria yalikuwa yameshaongelewa juu ya meza za Muthaiga. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimruhusu mlowezi kupangishwa shamba kwa miaka 999. Mwafrika aliyekuwa akiishi juu ya ardhi hiyo alibadilika kuwa mkaaji bila hati, anayevumiliwa kwa sababu mikono yake inahitajika.

Ndani ya klabu, Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma: mpishi, mtumishi wa meza, mkata nyasi, mbeba mfuko wa fimbo za gofu. Kuwa mwanachama halikuwa jambo la kufikiriwa.

Klabu nyingine ya Nairobi, Karen Country Club, inaeleza jambo hilo wazi zaidi. Ilianzishwa mwaka 1937 juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi wa Denmark. Shamba lilifilisika, likauzwa mwaka 1931 kwa kampuni iliyotaka kulikata viwanja. Familia za Wakikuyu zilizokuwa zikiishi na kulima humo ziliambiwa ziondoke. Hazikuwa na karatasi yoyote. Kabla ya kurudi Ulaya, Blixen alizunguka ofisi za serikali akiomba wapewe mahali pa kuhamia wote pamoja, wasitawanyike. Walipata kipande katika msitu wa Dagoretti. Walikipata kwa huruma ya mtu mmoja na kibali cha gavana. Sheria haikuwa imewapa chochote. Miaka michache baadaye, wengine walikuwa wanapiga mpira mdogo juu ya ardhi waliyoiacha.

Hata Kongo gofu ilikuwa mpaka

Tusifikiri kwamba hayo ni ya Waingereza peke yao. Wabelgiji walitumia gofu kwa njia ya moja kwa moja zaidi. Huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika vilitenganishwa na ukanda mtupu ulioitwa eneo lisilo la upande wowote. Ukanda huo ulijazwa uwanja wa gofu, bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: eti mbu wa malaria hawezi kuruka mbali kutoka kwa Mwafrika hadi kwa Mzungu. Uwanja ule wa gofu bado upo Gombe. Lubumbashi nayo ina mtaa mzima unaoitwa Golf, na mtu akikuambia anaishi Golf, unaelewa mara moja hali ya mfuko wake.

Kwa hiyo gofu katika Afrika ya Kati na Mashariki ilianza kama uzio. Kilichotofautiana ni jinsi kila nchi ilivyoushughulikia uzio huo baada ya uhuru.

Kenya Open na mlango uliofunguka nusu

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Miaka minne baadaye, mwaka 1967, ilianzisha Kenya Open, na Mwingereza Guy Wolstenholme akashinda. Muthaiga imekuwa mwenyeji wa mashindano hayo mara nyingi. Mwaka 1978 alishinda kijana wa Hispania, Seve Ballesteros, na mwaka uliofuata akachukua kombe la British Open. Ian Woosnam alishinda mwaka 1986, Trevor Immelman mwaka 2000. Mwaka 2019 Kenya Open iliingia katika ratiba kuu ya Ulaya, ikiwa na zawadi za euro milioni 1.1, ilipofika mwaka 2023 zilikuwa dola milioni 2.

Faida ya mashindano hayo kwa Kenya inaonekana. Hoteli za Nairobi zinajaa, televisheni za dunia zinaonyesha mji bila bunduki, makampuni yanalipia matangazo. Wazungu walioondoka baada ya uhuru waliacha nafasi kwa mawaziri, majaji, wafanyabiashara wa Kikuyu, Wahindi na wengine. Rangi haikuwa tena kufuli la mlango. Ada ilikuwa kufuli jipya.

Hata hivyo kitu kimoja kilivuka uzio na kinastahili kutajwa. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya hawakuzaliwa wanachama. Walianza wakiwa watoto maskini wa jirani, wabeba mifuko, waliojifunza kwa kutazama na kucheza siku ambazo wenye klabu hawapo. Ni katika kundi hilo la wachezaji wa kulipwa ambapo Jacob Okello alikaribia kuliko Mkenya mwingine yeyote: mwaka 1998 alifungana kwa pointi na Ricardo González wa Argentina, akashindwa katika raundi ya ziada. Hadi kombe la mwaka 2025, hakuna Mkenya aliyewahi kushinda Kenya Open.

Ukweli huo una pande mbili. Mtoto wa jirani aliweza kufika karibu kabisa na kombe. Lakini katika miaka zaidi ya 50 hakulishika, kwa sababu kujifunza kwa kuchungulia si sawa na kufundishwa. Na ukitoka Muthaiga ukavuka barabara kuu ya Thika, unaingia Mathare, mojawapo ya mitaa iliyobanana kuliko yote Nairobi. Uwanja mmoja wa mashimo 18 unahitaji kwa kawaida hekta 50 hadi 80. Mkaaji wa Mathare hahitaji mtu wa kumpigia hesabu.

Kwa nini basi watu wa Mathare hawajauvamia uwanja ule? Si kwa sababu wanaupenda. Kuna mambo matatu yanayoushikilia. Kwanza, karatasi: Kenya ilibadilisha katiba mwaka 2010, na ile miaka 999 ya mtu asiye raia ikakatwa kuwa 99 tu. Mpangaji anajua mwanzo wake na mwisho wake. Pili, kazi: kuna mshahara unaotoka ndani kwenda nje. Tatu, kuna mahakama ambako mgogoro unaweza kupelekwa, hata kama ni polepole na kwa gharama. Hakuna kati ya hayo matatu linalofanya kazi vizuri kabisa, lakini yote matatu yapo. Yakikosekana yote, kinachobaki kulinda uzio ni bunduki.

Feremu: gofu isiyo na mashimo

Turudi nyumbani. Mgeni anayepanda kutoka Sake kwenda Masisi-centre kwa mara ya kwanza hushangaa: vilima vya kijani, majani mafupi kama yaliyokatwa kwa mashine, ng'ombe wa maziwa, uzio. Wengi wameifananisha na Uswisi. Jibini ya Masisi inaliwa hadi Kinshasa. Kisha mgeni anatazama chini ya kilima na kuona upande mwingine: familia nyingi zimebanana kwenye vipande vidogo vya maharage, viazi na mahindi.

Hali hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 Ubelgiji iliunda Comité National du Kivu na kuipa nguvu ya kugawa udongo wa Kivu kwa walowezi. Yakaja mashamba makubwa ya kahawa, chai na pareto. Mashamba yalihitaji mikono, na kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya koloni iliendesha mpango wa kuleta familia kutoka Rwanda na kuziweka Masisi. Mamlaka ya kimila yaliyokuwepo hayakuulizwa vya kutosha, na waliohamishwa hawakupewa haki iliyoeleweka juu ya ardhi waliyokalishwa. Makundi yote mawili yalirithishwa deni ambalo hayakulikopa.

Baada ya uhuru, serikali ilijichukulia udongo wote. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi ni mali ya taifa peke yake. Miezi minne baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zaïrianisation, na mashamba ya wageni yakaenda kwa watu walio karibu na utawala. Mashamba mengi ya Masisi yaligeuka kuwa malisho ya ng'ombe. Ng'ombe 100 wanahitaji wachungaji wachache. Kahawa ilihitaji kijiji kizima. Kazi ikapungua, uzio ukabaki.

Sheria hiyo ya 1973 iliacha shimo kubwa katikati. Kuhusu ardhi ambayo jamii zinaikalia kwa mila, ilisema kwamba agizo la rais lingekuja kupanga haki zao. Miongo ilipita agizo halijaja. Kwa hiyo mkulima wa Masisi mwenye kipande alichokitambua mwami ana neno. Mwenye cheti cha usajili ana karatasi. Mahakamani, karatasi inashinda neno. Tena sheria inasema cheti kikishatimiza miaka miwili hakiwezi kupingwa tena.

Tusimame kidogo juu ya hiyo miaka miwili. Familia iliyokimbia Masisi kuja kambini Goma na kukaa huko miaka mitatu ilikuwa mbali wakati wote ambao ingeweza kupinga. Kama kuna mtu alipimisha kilima chake na kupata cheti wakati huo, familia ikirudi inamkuta mwenye haki kamili mbele ya sheria. Sasa ongeza kwamba leo Masisi iko chini ya utawala wa AFC/M23, na Kinshasa hautambui utawala huo. Karatasi inayopigwa muhuri upande mmoja inaweza kukataliwa upande mwingine. Anayerudi anakabiliwa na makaratasi mawili juu ya shamba moja, wala yeye hana hata moja.

Ndani ya feremu nyingi, anayetaka kulima kona ya malisho hulipa kwa siku za kazi kwa mwenye feremu, mfumo ambao wengi Masisi wanauita salongo. Siku ngapi, kwa kipande kikubwa kiasi gani, hadi lini? Mara nyingi hakuna kilichoandikwa. Feremu ikiuzwa, mkataba wa mdomo unakufa palepale, kama ulivyokufa ule wa familia za shamba la Blixen. Tofauti ni kwamba hapa hakuna Dagoretti.

Tumeshalipa bei ya kukosa majibu. Vita vya mwaka 1993 vilianza mwezi Machi katika soko la Ntoto, Walikale, vikasambaa Masisi, vikaua maelfu ya watu. Watu huvisimulia kama vita vya makabila. Ukweli ni kwamba kabila lilikuwa lugha ya ugomvi. Sehemu kubwa ya ugomvi wenyewe ilikuwa udongo, na nani ana haki ya kutawala juu yake.

Walikale: uzio wa chini ya ardhi

Upande wa Walikale uzio una sura nyingine. Huko Bisie, kasiterite iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na maelfu ya wachimbaji wa mikono wakapanda mlima ule kwa miguu kupitia msituni. Baadaye haki ya kuchimba ikawa ya kampuni. Mgodi wa viwandani wa Alphamin ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019 na sasa ni mmoja wa wazalishaji wakubwa wa bati duniani. Mwezi Machi 2025, M23 ilipousogelea na kuingia Walikale-centre, kampuni ilisimamisha kazi. Aprili, baada ya wapiganaji kurudi nyuma, ikaanza tena.

Mchimbaji wa zamani wa Bisie na mkulima wa Masisi wana kilio kimoja: wako nje ya uzio. Lakini kuna tofauti inayostahili kuangaliwa. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaandika nini lazima kivuke uzio: asilimia 15 ya mrabaha inakwenda kwa sekta au sheferi ambako madini yanatoka, na kampuni inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Unaweza kubishana kama inatosha. Unaweza kuuliza fedha zimefika au zimeishia njiani. Lakini una namba ya kudai. Mkulima anayezungukwa na feremu hana namba yoyote.

Walikale ina kitu kingine pia, ambacho kingepaswa kusemwa zaidi. Tangu agizo la mwezi Agosti 2014, jamii inaweza kuomba msitu wake wa mila uandikwe kwa jina la jamii yenyewe, hadi hekta 50,000, bure na bila kikomo cha muda. Jamii kadhaa za Walikale zimekwishapata hati hizo. Linganisha na hekta 50 hadi 80 za uwanja wa gofu: jamii moja ya wanakijiji inaweza kushika kisheria eneo linalotosha viwanja zaidi ya 600. Hati peke yake haifukuzi bunduki, na msitu bila njia ya kuuza mazao haulishi mtoto. Lakini ni mara ya kwanza karatasi ya serikali inasema kile ambacho wazee walikuwa wakisema kwa mdomo.

Nini kifanyike

Kuna watakaosema wakati wa vita si wakati wa kuongelea hati za mashamba. Tunaona kinyume chake. Ni wakati wa vita ndipo udongo hubadilisha mikono kimyakimya, na ni baada ya vita ndipo watu hugundua.

Mazungumzo ya amani yanayoendelea, popote yanapofanyika, yanajadili madaraka, wafungwa, jeshi na mipaka. Udongo wa Masisi haupaswi kuachwa kuwa jambo la baadaye. Kuna mambo matatu yanayoweza kudaiwa bila kumtaja mtu kwa kabila lake. La kwanza, vyeti vyote vilivyotolewa juu ya ardhi ya watu waliokimbia, na vyovyote upande uliovitoa, viwekwe pembeni hadi vichunguzwe, na ile miaka miwili isihesabiwe kwa mtu aliyekuwa kambini. La pili, kila anayelima ndani ya feremu awe na mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoisoma: ukubwa wa kipande, siku za kazi, tarehe ya mwisho. La tatu, njia ambayo Walikale inaitumia kwa misitu itafutiwe sheria yake kwa mashamba na malisho ya Masisi, ili jamii iweze kushika kilima kwa jina lake.

Mwenye feremu anaweza kuogopa mapendekezo hayo. Asome historia ya Muthaiga. Klabu ile haikufa Wazungu walipopoteza upendeleo wao. Uwanja upo, kombe linashindaniwa, zawadi zimekua. Ilidumu kwa sababu ilikubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba rangi haitoshi tena kuwa hati. Walioona hatari kubwa zaidi ni wale waliofikiri uzio wao utalindwa milele na mtu mwenye silaha. Masisi tumeona wenye silaha wangapi wakipita juu ya milima ileile tangu mwaka 1993? Kila mmoja alikuwa na wenye feremu anaowalinda na wengine anaowafukuza.

Familia zilizotoka Goma na magodoro kichwani mwezi ule wa Februari hazikuwa zinaenda kuomba uwanachama wa klabu ya mtu. Zilikuwa zinaenda kuangalia kama shamba bado lipo, na kama jina la mwenye shamba bado ni lao.